Valvu za Massey Ferguson 135: useti tapeti, usage kwa mkono, upeleke hedi mashine, au ununue hedi nyingine?

Massey Ferguson 135 ilianza kutoka kiwandani Banner Lane, Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964. Zaidi ya nusu karne baadaye bado unaikuta Tanzania na Kenya ikilima, ikivuta tela la mahindi, ikizungusha mashine ya kupukuchua. Hapa nazungumzia ile ya dizeli yenye Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, valvu sita zinazosukumwa kwa pushirodi (fimbo zinazopanda kutoka chini) na roka (vijiwiko vinavyozigandamiza valvu juu). MF 35 nayo ilianza kufungwa Perkins ya silinda tatu mwishoni mwa 1959, mwaka uleule Massey Ferguson ilipoinunua Perkins, kwa hiyo mwenye 35 ya aina hiyo naye anahusika.

Ugonjwa wenyewe unafahamika. Asubuhi trekta inawaka kwa shida na kutoa moshi mweupe, silinda moja inamisi, jembe likizama ardhini nguvu hakuna. Fundi anasikiliza kidogo, anasema, "Valvu hizo." Huenda ni kweli. Ila "valvu" inaweza kumaanisha kazi ya saa mbili kwa spana na fila (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya), au hedi, kile kipande cha chuma cha juu ya silinda kinachobeba valvu, kufunguliwa, kusafirishwa mjini na kukaa huko hadi mvua ikupite. Mwenye trekta anabaki njia panda, na mara nyingi anachagua kwa kuangalia mfuko wake au kwa kile ambacho fundi wake amezoea kufanya. Mimi naamini kipimo ndicho kichague, na vipimo vinavyohitajika havihitaji gereji kubwa.

Tunapima kwa vigezo gani

Njia zote nne nimezipitisha kwenye maswali yaleyale. Inatibu nini hasa? Inataka vifaa gani na mkono wa namna gani? Trekta itasimama kwa muda gani? Fedha inakwenda wapi, pamoja na ile isiyosemwa mwanzoni? Na ukikosea, unaharibu nini? Hilo la mwisho watu hulipuuza, wakati hedi ya zamani ni chuma kinacholika kila kinapochongwa, na kuna mahali kinafika mwisho.

Kwanza, hewa inatokea wapi?

Kabla ya kuilaumu valvu, ondoa washukiwa wa bei nafuu: chujio la hewa lililojaa vumbi, chujio za dizeli, hewa iliyoingia kwenye mfumo wa mafuta. Kisha itafute silinda inayomisi. Injini ikiwa inazunguka taratibu, legeza nati ya bomba la nozeli moja (kinachopulizia dizeli kwenye silinda), sikiliza, kaza, nenda inayofuata. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo haifanyi kazi. Kaa mbali na dizeli inayoruka, maana kwa presha ile inaweza kupenya ngozi. Silinda ikishajulikana, badilishana nozeli yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama na nozeli, weka spana chini, valvu hazina kosa.

Usipohama, fungua kifuniko cha tapeti injini ikiwa baridi kabisa, na usiguse skrubu yoyote. Pima nafasi ya kila valvu, yaani mwanya kati ya roka na shina la valvu, jinsi ilivyo na uandike namba zote sita. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika makala hii, kwa sababu fundi wengi huseti kwanza, na ushahidi wote unapotea hapohapo. Nafasi inayotakiwa kwenye injini hii ikiwa baridi ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30, ambayo fundi ataiita thau 12 (thau moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi). Ikiwa na joto ni inchi 0.010, milimita 0.25.

Namba hizo zinasema mengi. Nafasi iliyopanuka huleta kelele ya tapeti, na sababu huwa juu: nati iliyolegea, ncha ya roka iliyolika, pushirodi iliyopinda, au chini zaidi kwenye kamshafti, shafti inayozisukuma pushirodi. Nafasi iliyobana au kwisha kabisa haina kelele yoyote, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Maana yake valvu imezama ndani ya siti yake (ukingo wa hedi ambao valvu huukalia inapofunga) au shina limerefuka, kwa hiyo roka inaizuia isifunge. Gesi ya moto inapita ubavuni, inachimba njia kwenye ukingo wa valvu, na silinda inapoteza mgandamizo kimyakimya. Trekta inayopiga kelele juu watu huikimbiza kwa fundi. Ile iliyonyamaza huendelea kulima huku valvu ya ekzosi, ya kutolea moshi, ikiungua.

Kipimo cha pili ni cha hewa. Toa nozeli ya silinda inayoshukiwa, ifikishe pistoni yake juu kabisa wakati valvu zote mbili zimefunga, kisha ingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la nozeli ukianzia presha ndogo. Gia iwe huru na mtu asiwe karibu na feni, kwa sababu pistoni isipokuwa juu kabisa hewa itaizungusha injini. Halafu sikiliza. Mlio kwenye bomba la kuingizia hewa ni valvu ya kuingiza. Kwenye bomba la moshi ni ya ekzosi. Kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi na silinda. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi, au hedi imepasuka.

Kuna wanaomimina oili ndani ya silinda kisha kupima kompresheni upya, ikipanda wanasema ringi. Kwenye injini ya petroli kipimo hicho kinasaidia. Kwenye dizeli chumba cha kuchomea ni kidogo mno, kwa hiyo oili yenyewe inapandisha namba hata ringi zikiwa nzima, na ikizidi inaweza kukwamisha pistoni na kupinda konrodi. Tegemea hewa na masikio.

Hewa ikitokea kwenye mdomo wa oili kwa wingi, hakuna njia kati ya hizi nne itakayokurudishia nguvu peke yake. Ukifunga hedi safi juu ya ringi zilizokwisha utakuwa umelipia nusu ya kazi.

Njia ya kwanza: kuseti tapeti bila kufungua hedi

*Inachotibu.* Nafasi zilizohama kwa matumizi ya kawaida, kelele za juu, na wakati mwingine valvu iliyokwama baada ya trekta kulala muda mrefu. Valvu iliyokwama hupakwa mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, ikaachwa inywe, kisha ikagongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka springi iirudishe yenyewe. Ukiikuta pushirodi imetoka mahali pake, ivingirishe juu ya kioo. Ikicheza imepinda, badilisha.

*Vifaa na mkono.* Fila, spana, bisibisi. Zungusha injini kwa mkono, waya wa kuzimia ukiwa umevutwa. Tazama silinda moja mpaka valvu zake mbili zionekane zikipishana, ekzosi inamalizia kufunga huku ya kuingiza inaanza kufungua. Kutoka hapo zungusha krankshafti duara moja kamili. Silinda hiyo sasa iko juu na valvu zote zimefunga, seti zote mbili. Rudia kwa nyingine. Kuna mtego mmoja: ncha ya roka ikilika hufanya kishimo, na fila iliyonyooka hulala juu ya kishimo hicho kama daraja. Utasoma thau 12 wakati ukweli ni zaidi. Roka ya namna hiyo isuguliwe na fundi mwenye mashine au ibadilishwe. Ukiwa hapo juu, washa kidogo uone kama oili inafika kwenye roka zote. Bila oili ncha mpya nayo italika.

*Muda na gharama.* Saa chache, na gasketi ya kifuniko kama ya zamani imekatika.

*Ukikosea.* Hatari iko katika kujidanganya. Ulikuta valvu moja imebana, ukaipa nafasi yake, nguvu ikarudi, ukashukuru. Ipime tena baada ya wiki mbili tatu za kazi. Ikiwa valvu ileile imebana tena, siti yake inaendelea kuliwa, na kuseti hakutasaidia tena.

Inamfaa mwenye namba zilizohama kidogo kwa valvu zote, na mwenye kipimo cha hewa kisicho na mlio. Inamfaa pia aliye katikati ya msimu anayetaka kumaliza ekari zilizobaki, mradi ajue anaazima muda.

Njia ya pili: kufungua hedi na kusaga valvu kwa mkono

*Inachotibu.* Valvu inayovuja kidogo kwa sababu ya masizi au vidoa vidogo kwenye uso wa valvu na siti, huku shina na bushi yake (mrija wa kwenye hedi unaoliongoza shina) bado vikiwa vizima.

*Vifaa na mkono.* Kibanio cha springi za valvu, kijiti chenye mpira wa kunyonya, dawa ya kusagia nzito na laini, toki renchi, na gasketi mpya ya hedi. Usifungue hedi ikiwa na moto, itapinda. Legeza nati kidogokidogo kutoka pembeni kuingia katikati. Toboa matundu kwenye kipande cha katoni, uyape namba, uchomeke valvu na pushirodi kwa mpangilio wake, maana kila moja imezoeana na mahali pake.

Kabla ya kusaga, kagua. Ingiza valvu kwenye bushi, iinue kidogo, itikise ubavuni. Ikicheza sana kusaga ni kazi bure, kwa sababu valvu itatua upande mmoja leo na upande mwingine kesho. Tazama ukingo wa kichwa cha valvu. Ukiwa mwembamba kama wembe, utawaka moto mwekundu na kuungua haraka. Itupe. Ukiona mfereji uliochimbwa na moto, hapo pia mkono hauwezi. Anayesaga muda mrefu ili kuufuta mfereji anaizamisha valvu ndani ya hedi.

Kuzama huku kuna maana kubwa kwenye AD3.152. Dizeli inapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni, na injini inategemea hewa ibanwe kwenye nafasi ndogo sana. Uwiano wa mgandamizo ni 18.5 kwa 1. Kila valvu inapozama inaacha chumba cha ziada kisicho na kazi. Injini haitavuja, lakini asubuhi ya baridi itakataa kuwaka, na mwenye trekta atashangaa kwa nini imekuwa mbaya baada ya matengenezo. Kitabu cha injini kinatoa kina cha mwisho kinachoruhusiwa. Pima kwa rula ya chuma na kipimo cha kina kabla na baada.

Kazi ikienda vizuri utaona mviringo wa kijivu usio na mng'aro, wenye upana uleule pande zote, kwenye valvu na kwenye siti. Funga springi, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia za hewa na moshi, usubiri. Yakionekana ukingoni mwa valvu, rudi ukasage. Kisha osha hedi mpaka chembe ya mwisho ya dawa iishe, kwa sababu chembe hizo zikiingia kwenye oili zitasaga beringi na silinda.

*Muda na gharama.* Siku moja au mbili kwa mwenye uzoefu. Fedha kubwa ni gasketi, na huenda valvu moja au mbili. Gasketi za Perkins kwa kawaida zimeandikwa upande wa juu na wa mbele, fuata maandishi. Kaza kwa toki renchi kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu, washa mpaka injini ipate joto, kisha kaza tena na useti tapeti upya. Hatua hii ya mwisho ikirukwa, gasketi huungua na kazi yote inarudi mwanzo.

*Ukikosea.* Unaweza kuzamisha valvu, kupinda hedi au kuacha dawa ndani. Vyote vinazuilika kwa subira.

Njia hii inamfaa aliyepata mlio mdogo kwenye valvu moja au mbili, ambaye hedi yake haijasagwa mara nyingi huko nyuma, na aliye mbali na mji wenye mashine.

Njia ya tatu: kupeleka hedi kwenye karakana ya mashine

*Inachotibu.* Bushi zilizolika, siti zilizozama au zilizochimbika, hedi iliyopinda, na nyufa zilizojificha. Moshi wa bluu unaotoka injini inapoongezwa moto baada ya kukaa ikizunguka taratibu mara nyingi ni oili inayoteremka kwenye bushi hizi.

*Vifaa na mkono.* Si vyako, kwa hiyo kazi yako ni kuuliza maswali. Waombe wapime nyufa kwa presha kabla ya kuchonga chochote. Sehemu ya kutazamwa kwa makini ni ule ukuta mwembamba kati ya siti mbili za silinda moja na kuelekea tundu la nozeli. Bushi zibadilishwe kwanza ndipo siti zichongwe, kwa sababu chombo cha kuchongea siti hujiongoza kwenye bushi. Anayefanya kinyume atakupa siti isiyo sawa na shina. Siti zilizozama kupita kiasi zinatolewa na kupachikwa pete mpya, na kina cha valvu kinarudi panapostahili. Hiki ndicho kitu ambacho njia mbili za kwanza haziwezi kabisa.

Kuhusu kuskimu hedi, yaani kukata uso wake wa chini unyooke, uwe mkali. Kuna karakana zinazoskimu kila hedi inayoingia, kwa mazoea. Ilazwe rula ya chuma kwanza, ipimwe kwa fila. Ikiwa imenyooka, iachwe. Kila unapokata uso wa hedi, valvu zinasogea karibu na pistoni na ncha za nozeli zinachomoza zaidi. Hedi ya 1968 huenda imeshakatwa mara kadhaa na watu ambao huwajui.

*Muda na gharama.* Muda unategemea foleni ya karakana na upatikanaji wa spea. Vifaa vya injini hii vinapatikana kwa wingi, Gerezani kwa Dar es Salaam na Kirinyaga Road kwa Nairobi, ila ubora unatofautiana. Peleka valvu na bushi ya zamani ulinganishe urefu, unene wa shina na pembe ya uso. Ongeza usafiri, gasketi, na siku ambazo trekta haiingizi kitu.

*Ukikosea.* Kukosea hapa ni kuchagua karakana isiyopima. Omba uandikiwe kina cha kila valvu na kiasi kilichoskimiwa, hata kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha karatasi. Fundi anayepima hatakataa.

Njia hii inamfaa anayetegemea trekta kwa kipato na anataka misimu mingi mbele, na aliyesikia mlio mkubwa kwenye ekzosi. Inamfaa pia anayetunza trekta kwa uhalisia wake, kwani hedi ya kiwandani inabaki juu ya injini yake.

Njia ya nne: hedi nyingine, mpya au iliyotumika

*Inachotibu.* Hedi iliyopasuka pabaya, au iliyochongwa mpaka hakuna chuma cha kuchonga tena. Hutibu pia shida ya muda, maana hedi mpya iliyokamilika na valvu zake inaweza kufungwa kwa siku moja.

*Vifaa na mkono.* Vilevile vya njia ya pili, ukiondoa kusaga. Cha msingi ni kufananisha. Perkins ya silinda tatu ilipitia mabadiliko, na hedi inayofanana kwa macho inaweza kutofautiana kwenye nozeli au matundu. Nenda dukani na namba ya injini, gasketi ya zamani na nozeli moja. Lipa baada ya kuona gasketi inakaa sawasawa juu ya matundu yote ya maji na oili.

*Muda na gharama.* Hedi mpya inachukua fedha nyingi kwa mkupuo. Iliyotumika ni nafuu, lakini unanunua historia ya trekta ya mtu mwingine, kwa hiyo bei yake ihesabu na kupimwa presha. Muuzaji asiyekubali ipimwe, mwache.

*Ukikosea.* Hata hedi mpya ikaguliwe kabla ya kufungwa: kina cha valvu, springi, na mtihani uleule wa mafuta ya taa. Na ile ya zamani usiiuze chuma chakavu mpaka mpya iwe imefanya kazi shambani.

Kwa hali yako

Namba sita zimehama kidogo na hewa haivuji: seti, andika tarehe, pima tena baada ya wiki chache. Hapo umemaliza.

Valvu moja imebana, ukaiseti, ikabana tena: fungua hedi. Ukikuta shina halichezi na ukingo wa valvu ni mnene, saga. Ukikuta inacheza, usisage hata kidogo, funga hedi kwenye gunia na uipeleke mashine.

Mvua za kwanza zimeshaanguka na majirani wanasubiri kulimiwa: kama uvujaji ni mdogo, seti uendelee na kazi nyepesi, epuka kuzama sana na jembe, upange karakana mara tu msimu ukiisha. Kama silinda imekufa kabisa, kulimia silinda mbili kutakula dizeli na kuitesa krankshafti. Hapo hedi nyingine iliyopimwa inaweza kuwa nafuu kuliko kukosa msimu, na hedi yako ikatengenezwa bila haraka kuwa akiba.

Mapovu yameonekana kwenye rejeta: usinunue chochote bado. Fungua, tazama gasketi imeungulia wapi, na hedi ipimwe nyufa. Mara nyingine gasketi ndiyo peke yake.

Hewa inatoka kwenye mdomo wa oili na kwenye ekzosi pia: weka fedha ya hedi kando mpaka uwe na ya ringi na silinda, vifunguliwe vyote kwa pamoja. Gasketi ni moja, kazi ya kufungua ni moja.

Trekta imelala miaka mingi kwenye banda na unaifufua: anza na valvu zilizokwama. Zungusha kwa mkono kabla ya kugusa stata, ukitazama valvu zote sita zinapanda na kushuka. Iliyokwama chini isirudi juu, ikikutana na pistoni itapinda, na kazi ya mafuta ya kulegeza kutu itageuka kazi ya karakana.